Upande wa Pili wa Meza

Kaka yake alimpa siku saba za kuweka sahihi, na siku ya nne ndipo alipomwita seremala. Hakumwita kwa sababu ya shaka. Shaka hakuwa nayo hata chembe. Alimwita kwa kuwa mlango wa chumba alichokuwa anakwenda kupanga ulikuwa mwembamba, na meza ya kuandikia ya marehemu baba yake ilikuwa pana kama kitanda. Alitaka kujua kama inaweza kufunguliwa, ikabebwa vipande vipande, kisha ikaungwa tena huko iendako.

Mtaani walimwita Bi Simu. Miaka ishirini na tisa alikuwa mtu wa kuunganisha simu za watu, enzi zile ambapo ukinyanyua mkono wa simu unasikia kwanza sauti ya mwanamke ikikuuliza unamtaka nani. Sauti yake mji mzima uliijua. Uso wake aliujua baba yake tu, na baba mwenyewe miaka kumi na moja ya mwisho alikuwa wa kulishwa, kugeuzwa na kuoshwa, na miezi mitatu iliyopita akafa. Tangu siku hiyo Bi Simu alikuwa anaishi na redio. Aliiwasha alfajiri, akawa anaijibu. Mtangazaji akisema leo kutakuwa na mvua, yeye jikoni anasema, "Ehe, ya jana mlisema hivyohivyo."

Karatasi ya kuweka sahihi ilikuwa juu ya meza ya chakula, imelaliwa na kopo la sukari isipeperuke. Ilisema kwamba nyumba itakuwa ya kaka, na meza ya kale ya kuandikia itakuwa ya dada, na kwamba warithi wote wawili wameridhika kwa kuwa thamani zinakaribiana. Nyuma yake ilibanwa karatasi ya pili, ya dalali wa vitu vya kale, yenye mhuri wa bluu na tarakimu ndefu iliyomfanya Bi Simu aisome mara mbili.

"Wewe uko peke yako," wifi yake alimwambia siku walipoileta, kwa sauti laini ya mtu anayemfunika mgonjwa shuka. "Mtu mmoja anahitaji vyumba vingapi jamani? Sisi tuko sita kwenye nyumba ya kupanga. Wewe ukiuza meza hiyo, unakaa kwa raha zako mpaka kufa kwako."

 Kaka alikuwa anatazama nje ya dirisha.

Bi Simu aliona maneno yale yana haki ndani yake. Kweli alikuwa mmoja. Na kweli, katika nyumba ile nzima, kitu alichokitaka ni meza ile.

Fundi alifika saa tatu asubuhi. Alikuwa mzee mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja, mfuko wa turubai begani. Watu walimwita Patasi kwa kuwa patasi ilikaa katika mfuko wake wa shati kama kalamu inavyokaa kwa mwalimu.

"Hodi hapa."

"Karibu, fundi. Pita moja kwa moja, iko chumba cha mwisho."

Fundi hakuingia mara moja. Alisimama mlangoni, kichwa amekiinamisha upande kama mtu anayesikiliza. Meza ilikuwa imeegemezwa ukutani chini ya dirisha, nyeusi-nyekundu, uso wake umefunikwa ngozi ya kijani iliyokatika pembeni, na kila upande wa mahali pa kuingiza miguu pamepangwa droo tatu.

"Nani alikuwa anaikalia?"

"Baba yangu. Ametutoka, ni mwezi wa tatu huu."

"Poleni sana, mama."

"Tumeshapoa. Ila mimi si mama wa mtu, fundi. Niite dada."

Fundi akamtazama nywele, akajipapasa na zake. "Mvi zako na zangu ni za shamba moja. Haya, dada."

Akacheka, na Bi Simu naye akacheka, kisha akashtuka kwa kicheko chake mwenyewe, maana chumba kile kilikuwa hakijasikia kicheko tangu msiba. Na hata kabla ya msiba.

Patasi hakuigusa meza usoni. Alipiga magoti, kisha akalala chali kabisa juu ya sakafu, kichwa kikaingia chini ya meza kama fundi wa magari.

"Watu wote huangalia juu," sauti yake ikatoka huko chini. "Juu ni pa kupaka vanishi tu. Meza ikitaka kusema kweli inasemea tumboni. Una tochi?"

Alimpa tochi kwa mkono wa kushoto, na papo hapo akaivuta akaihamishia wa kulia. "Samahani, fundi. Nimekupa kwa kushoto."

"Tochi haina habari na mikono. Lete."

Alikaa huko chini muda mrefu, akigonga kwa kifundo cha kidole na kujisemea. Alipotoka, vumbi limemjaa kichwani, alichomoa droo ya juu ya kulia, akaigeuza, akamwonyesha pembe yake.

"Ona hapa mbao mbili zilivyoumana, kama meno. Hesabu. Hili nene, hili jembamba, hili limekwenda upande. Mashine haikosei namna hii. Huyu alikata kwa mkono, na hakuwa na haraka. Sasa pitisha vidole hapa chini."

Bi Simu akapitisha. Mbao ilikuwa na mawimbi madogo, kama mchanga uliopitiwa na maji.

"Hiyo ni randa ya mkono. Chini hakuna anayeona, basi hakujisumbua kusawazisha. Meza ni ya zamani kweli, dada. Na ni kazi ya mtu aliyejua kazi."

Moyo wa Bi Simu ukapanda. "Hata dalali alisema hivyo." Akaenda mbio kuileta ile karatasi, akajipangusa mikono kabla ya kuishika.

Fundi alisoma polepole, midomo ikicheza. "'Mkangazi mtupu.' Hapana. Mkangazi, mbao ile ya bei, ni hili ganda la juu, jembamba kama bahasha, limebandikwa juu ya mbao ya kawaida. Wazee walifanya hivyo, si aibu, lakini si mkangazi mtupu. 'Hali nzuri sana.'" Akainua macho. "Huyu bwana aliinama?"

"Alisimama hapo mlangoni. Alisema ana haraka. Ni rafiki wa kaka yangu."

"Ahaa," alisema fundi, akaikunja karatasi akamrudishia.

Kisha akatoa futi yake ya kukunja. Alipima meza kutoka ukingo wa mbele hadi ukutani. Akapima droo aliyokuwa ameichomoa. Akarudia kupima meza. Akakuna shingo.

"Dada, hebu nisaidie akili. Meza hii kwenda ndani ni futi nne. Droo ni futi moja na inchi tisa, inaishia katikati. Nimechungulia kwenye tundu lake, nimekuta mbao. Nusu ya meza iko wapi?"

Bi Simu akageuka kuitazama meza. Tangu utotoni ameipangusa vumbi meza ile, na swali hilo halijawahi kumpitia kichwani.

"Shika huku," fundi akasema. "Tuivute."

Wazee wawili waliivuta. Walivuta wakapumzika, wakavuta tena, meza ikikwaruza sakafu na kulia kama punda asiyetaka kwenda. Bi Simu akashika kiuno, Patasi akasema kama wangekuwa vijana wangekuwa wamemaliza, na kama wangekuwa na akili wangekuwa wamewaita vijana. Hatimaye ikatoka ukutani kiasi cha mtu kupita, na unyevu wa miaka mingi ukawapiga puani.

Nyuma yote ilikuwa imezibwa kwa plaiwudi, imepakwa rangi ya kahawia iliyobambuka. Na ile plaiwudi ilikuwa imepigwa misumari. Misumari mikubwa, ya kujengea paa, mingine imeingia, mingine imepinda na kulazwa kwa nyundo, mingine imepigwa juu ya mingine.

"Hii siyo kazi ya seremala," Patasi alisema taratibu. "Aliyepiga hivi alikuwa kama anaua nyoka."

Akatoa patasi mfukoni, akaigusisha kwenye mbao ya chini, ile iliyokuwa inakaa karibu na ukuta wenye unyevu. Ncha ilizama bila kusukumwa, kama kisu kwenye mkate, na unga mwembamba ukamwagika sakafuni. "Dumuzi. Wamekula mguu huu wote, na ule. Juu umebaki kwa mazoea tu. Na kila msumari hapa umepasua ubao mzuri nyuma yake. Ukiibeba meza hii kwenye gari, dada, utafika na nusu yake."

Bi Simu alikalia kitanda cha baba yake. Hakikuwa na godoro, alikalia vyuma.

"Fundi, niambie kama unavyomwambia dada yako wa tumbo moja. Inafikia thamani ya nusu ya nyumba hii?"

Mzee alitazama dari, akatazama kuta, akatazama fremu ya mlango. Ilikuwa dhahiri angependa kuwa mahali pengine.

"Haifikii thamani ya huo mlango," alisema.

 Redio jikoni ilikuwa inatangaza bei za nafaka.

Alichokiona Bi Simu wakati ule hakikuwa dalali wala mhuri wa bluu. Alimwona kaka yake dirishani, mgongo umemgeukia, akitazama nje mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kutazama.

"Kwa ruhusa yako," Patasi akasema kwa upole, "nibandue hii plaiwudi. Haiwezi kuharibika zaidi. Na mimi sitalala leo bila kujua."

Ilichukua saa nzima. Misumari ilitoka ikipiga kelele, mmoja mmoja, na fundi akaipanga kwenye kifuniko cha kopo. Sitini na miwili. Plaiwudi ilipoanguka, Bi Simu alisimama mwenyewe bila kujua amesimama.

Ilikuwa meza nyingine. Au ilikuwa ileile, imetazama upande mwingine: mahali pa kuingiza miguu, droo tatu huku, droo tatu huku, vishikio vya shaba vimekuwa vya kijani kwa kutu.

"Nilijua," Patasi akanong'ona. "Ni meza ya watu wawili. Ilitengenezwa iwekwe katikati ya chumba. Mmoja anakaa pale, mmoja anakaa hapa, wanatazamana, kila mtu na droo zake. Nimeziona mbili tu maishani. Nani alikaa huku?"

"Hakuna," akasema Bi Simu. "Tulikuwa watatu tu. Baba, kaka na mimi. Mama alikufa nina miaka mitatu."

"Unamkumbuka?"

"Hata kivuli chake. Hapakuwa na picha. Ukimuuliza baba, anakwambia kafa, kula chakula."

Fundi alivuta droo zote sita. Zilikuwa tupu. Bi Simu alichungulia kila moja hadi ndani kabisa, akapapasa pembe kwa vidole, na hakupata hata pini. Mtu alikuwa amezisafisha kabla ya kupigilia.

Lakini Patasi alikuwa ameanza tena kupiga magoti. Alimulika njia za droo, zile reli za mbao ambazo droo huteleza juu yake. Akaenda upande wa baba, akamulika. Akarudi.

"Njoo uone kitu. Droo ikitumika sana, inaila reli yake. Upande wa mzee, ya kulia imelika hadi imefanya mfereji. Ya kushoto kama mpya. Ni kawaida, mtu huweka kalamu na karatasi kwenye mkono anaoutumia. Sasa njoo huku." Akamshika kiwiko, akamwinamisha. "Ya kulia, mpya. Ya kushoto, imelika. Na ukingo huu wa meza, hapa kushoto, ona ulivyong'aa. Hapo palikuwa panaegemea mkono wa mtu, miaka. Na hizi alama za wino kwenye ngozi zimeburuzwa. Anayeandika kwa kushoto, mkono wake unapita juu ya wino ambao haujakauka." Akazima tochi. "Mimi simjui aliyekaa hapa, dada, na mbao hazitaji majina. Ila alikuwa anaandika kwa mkono wa kushoto. Hilo naweza kuapa."

Bi Simu alikuwa ameukamata mkono wake wa kushoto kwa wa kulia, akaubana kifuani.

Alipokuwa mtoto baba alikuwa akiufunga. Kila jioni, wakati wa kuandika, alikuwa anachukua kitambaa kirefu cheupe, anaufunga mkono ule kwenye kiti, halafu anaweka kalamu kwenye wa kulia. Hakuwa anampiga. Hakuwa hata anamfokea. Alikuwa anafunga fundo, anatazama pembeni, anasema, "Huo hapana." Bi Simu alikua akiamini kwamba kuna kitu kichafu mkononi mwake ambacho watu wengine wanakiona na yeye hakioni.

"Nikuandikie nilivyoiona?" fundi akauliza. "Ukurasa mmoja. Sina mhuri, lakini nitatia sahihi."

"Niandikie."

Aliandika kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza ukubwani. Alipomaliza akauliza kama airudishe plaiwudi na kuisukuma meza ukutani.

"Iache hapohapo ilipo," Bi Simu akasema. "Iache wazi."

Siku ya saba kaka na mkewe walikuja mchana. Wifi alivaa kiatu cha kutokea na alikuwa na kalamu mbili kwenye mkoba, endapo moja itakataa kuandika. Alisifia usafi wa nyumba. Alisimama sebuleni akapima dirisha kwa macho, na Bi Simu akaona kabisa anapima mapazia.

"Karatasi iko chumbani kwa baba," Bi Simu akasema. "Twendeni huko."

Kaka ndiye aliyetangulia, mtu mrefu wa miaka sitini na tano, mkaguzi wa shule mstaafu, aliyezoea kuingia vyumbani watu wakasimama. Alifika mlangoni akakwama. Meza ilikuwa imeachana na ukuta, imefunguka pande zote mbili, na Bi Simu alikuwa ameweka kiti kila upande.

Rangi ilimtoka usoni. "Nani kakwambia uifungue?"

"Fundi aliona nusu yake haipo."

"Nani kakwambia umwite fundi?"

"Kaka." Alikuwa ameyapanga maneno mengi kwa siku tatu, kuhusu dalali, kuhusu mhuri, kuhusu haki. Alikuwa ameyasema yote kwa redio. Sasa hayakuja. Lililokuja ni lingine. "Mama alikuwa anaandika kwa mkono gani?"

Kaka alivitazama vile viti viwili.

"Wewe ulikuwa na miaka tisa. Unakumbuka. Nataka kujua hilo tu."

"Jamani," wifi akaingilia, "tumekuja kwa shughuli moja, sasa mambo ya marehemu yanatoka wapi? Mume wangu, mwambie."

"Nyamaza kidogo," kaka akasema, bila ukali. Aliingia, akazunguka meza hadi upande ule, akasimama nyuma ya kiti kitupu. Hakukigusa. "Kushoto," akasema. "Alikuwa anaandika kwa kushoto. Alikuwa anawaandikia watu barua, wale wasiojua kusoma. Wanakaa foleni uani. Na baba huku na kazi zake za ofisi. Kila jioni."

"Na misumari?"

"Mimi ndiye niliyeshika kopo la misumari." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Alikuwa ananyoosha mkono, nampa mmoja. Ananyoosha, nampa. Hakuwahi kushika nyundo, baba. Alijipiga vidole vikatoka damu. Kisha akaniambia nisije nikakutajia. Alisema wewe una bahati, huna cha kukumbuka. Nikuache na bahati yako."

 Miaka yote ile kwenye meza ya chakula, wanaume wawili wanakula kimya, na Bi Simu akidhani ukimya ule ni wa watu wasio na la kusema.

"Ulikuwa unaniona ninavyofungwa mkono," akasema.

"Nilikuona."

"Na ulijua kwa nini."

"Nilikuwa mtoto!"

"Sasa una miaka sitini na tano, kaka." Akachukua ukurasa wa Patasi juu ya ngozi ya kijani, akamnyooshea. Alimpa kwa kushoto na hakuubadilisha. "Soma hii. Imeandikwa na mtu aliyeinama."

Kaka alisoma akiwa wima. Alipofika mahali palipoandikwa habari ya mlango, alirudia mstari. Wifi alichungulia juu ya bega lake.

"Fundi wa mtaani ndiye wa kumkosoa mtaalamu?" wifi akasema.

"Wewe ulijua?" Bi Simu alimuuliza kaka yake.

Na hapo angeweza kusema hapana. Dalali hayupo, shahidi hakuna. Neno moja tu, na dada yake angelipokea kwa mikono miwili, maana hakuwa na ndugu mwingine duniani wa kumwamini. Wote wawili walilijua hilo. Kaka aliikunja karatasi mara mbili, akaikunjua.

"Nilimwambia aandike vizuri," akasema. "Sikumwambia aandike uongo. Nilimwambia aandike vizuri."

"Mimi sisaini," Bi Simu akasema. "Nataka nusu yangu ya nyumba. Tugawane vyumba au tuuze tugawane, mtakavyo. Meza sitaki kuhesabiwa."

"Peke yako!" wifi alipasuka. "Nusu nzima, peke yako! Utawalaza nani humo? Hata paka huna!"

Lilimwingia. Halikumwingia kama tusi, maana ulikuwa ukweli mtupu. Aliangalia viti viwili alivyoviweka, akaona kwamba wifi naye ameviona, na aibu ikamchoma kama mtu aliyekutwa anaandaa sahani ya mgeni asiyekuja.

"Sina wa kumlaza," akajibu. "Lakini ni nusu yangu."

Waliondoka bila kuaga. Kaka alipofika mlangoni alisita, mkono juu ya fremu, na Bi Simu akangoja. Wifi akaita kutoka nje. Kaka akaenda.

Wiki tano zilipita. Simu ya Bi Simu haikulia, isipokuwa mara moja, kijana wa kampuni akimuuliza kama angependa kujiunga na kifurushi cha familia. Alimsikiliza hadi mwisho, hata alipofika kwenye masharti, akamshukuru, akamwambia ana sauti nzuri ya kazi ile ila asiharakishe majina ya watu.

Patasi alirudi mara mbili. Alikata miguu iliyoliwa, akaunga mipya ya mbao ngumu, akaziba matundu ya misumari moja moja kwa vijiti na gundi. Alisema haitapata bei hata hivyo. Bi Simu akamwambia anajua. Alipomaliza alikunywa chai, akaaga, na nyumba ikarudi ilivyokuwa.

Kisha ikaja barua ya ofisi ya ardhi, kwamba kaka yake ameomba hati igawanywe nusu kwa nusu, na wahusika wafike Jumanne na vitambulisho.

Walikutana kwenye foleni. Wifi hakuja. Kaka alikuwa amekonda, shati limemlegea shingoni. Walisalimiana kama watu wanaokumbukana kutoka kazini, wakasimama mmoja nyuma ya mwingine saa mbili na nusu. Karani aliwauliza uhusiano wao. Kaka akasema, "Ndugu." Karani akauliza, baba mmoja mama mmoja? Bi Simu ndiye aliyejibu. Wakatia sahihi, kaka upande wa kulia wa karatasi, yeye chini yake. Alitia kwa mkono wa kulia, maana sahihi yake yote ilikuwa inaishi kwenye mkono ule na wa kushoto haukujua hata herufi ya kwanza.

Nje jua lilikuwa kali. Walisimama juu ya ngazi za ofisi, watu wakiwapita.

"Haya basi," kaka akasema.

"Haya. Wasalimie nyumbani."

Kaka alishuka ngazi mbili. Akasimama hapo, mgongo umemgeukia, kama alivyokuwa dirishani siku ile. Halafu akasema, bila kugeuka, kwa sauti ambayo ilibidi Bi Simu ainame kidogo kuisikia:

"Alikuwa anapiga mluzi. Mama. Akiandika, alikuwa anapiga mluzi. Baba anamwambia ni tabia ya wachunga mbuzi, na yeye anazidisha."

 Bi Simu alingoja aendelee. Kaka alivuta kola ya shati lake, akamaliza ngazi, akavuka barabara, akachanganyika na watu. Alimfuata kwa macho mpaka asijue tena kichwa kipi ni chake.

Alirudi nyumbani kwa miguu. Hakuwasha redio. Aliingia chumba cha mwisho, akavuta kiti cha upande ule, akakaa, kiganja chake cha kushoto juu ya ukingo uliong'aa. Mbele yake kilikuwa kiti cha baba, na nyuma yake mwenyewe dirisha, na nje ya dirisha kiwanja cha jirani ambacho nguo zilikuwa zimeanikwa.

Akakaza midomo, akapuliza. Hakuwahi kupiga mluzi maishani mwake. Ulitoka upepo mtupu. Akalowesha midomo kwa ulimi, akajaribu tena.